Mashine nzuri, mkono unaotetemeka: kisa cha santuri za Isamilo

Nilipofika Isamilo jioni ile, mashine ya santuri ilikuwa imegeuka meza. Juu ya kifuniko chake palikaa redio ndogo, kando ya redio kopo la dawa za presha, na chini ya vyote kimetandikwa kitambaa cha kufuma. Miezi mitatu kabla niliifunga mimi mwenyewe, nikaijaribu, nikateremka mlima nikipiga mluzi. Binti wa mzee alinipigia simu akidhani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa nzima kama siku niliyoileta, kwa sababu karibu hakuna aliyeigusa.

Mimi ni fundi wa redio na sabufa. Kibanda changu kiko Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na nusu ya vitu ninavyofungua vinanuka dagaa. Mashine za santuri huja mara chache, nne au tano kwa mwaka, nyingi zikiwa za marehemu fulani ambaye watoto wake wanataka kujua kama zina bei. Kwa hiyo alipokuja mtu anayetaka kweli kusikiliza santuri, nilifurahi kupita kiasi. Ndipo nilipoharibu.

Mzee mwenyewe alikuwa fundi mitambo kwenye meli za ziwani, enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Meli zilizunguka Mwanza, Musoma, Kisumu, Port Bell, Bukoba, na zikitia nanga Kisumu yeye alikuwa akishuka na mshahara wake kwenda kutafuta santuri. Nyingi za bendi zetu wenyewe, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz na wenzao, zilikuwa zikifyatuliwa Nairobi, na Kisumu zilifika mapema kuliko huku. Ukiupanga mkusanyiko wake kwa miaka, unakatika ghafla 1977. Mwaka ule Jumuiya ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, na yeye akabaki na alichokuwa nacho: santuri 160 hivi. Nyingi ni zile ndogo zenye wimbo mmoja. Kubwa zinafika 40. Halafu ziko sita nzito, nyeusi tii, alizorithi kwa baba yake, zile zinazovunjika kama sahani ya udongo ukizidondosha.

Siku ya kwanza aliniambia mambo mawili. La kwanza, anataka zisikike vizuri, kwa sababu masikio yamepungua na spika ndogo hazimfikii. La pili: "Nataka niweke mwenyewe. Sitaki kuita mjukuu kila nikitaka wimbo."

Mimi nilisikia la kwanza tu.

Uchaguzi wa kwanza

Binti yake, aliyekuwa analipia, aliniuliza tununue ipi. Kuna zile za begi, zinazofungwa kama sanduku, spika zimo ndani. Nilizikataa kwa dharau. Katriji zake, yaani kile kijumba kinachoshika sindano, mara nyingi ni za kauri, zinakandamiza santuri kwa gramu tano au sita, wakati katriji ya kawaida ya sumaku inatosheka na mbili au tatu. Kuna Technics SL-1200, iliyoanza kuuzwa 1972 na kupendwa na madijei dunia nzima, lakini bei yake ilituzidi. Nikapendekeza mashine ya mtumba ya Kijapani ya miaka ya 1970 niliyoijua kwa muuzaji mmoja Dar: ya kuzungushwa na mkanda wa mpira, sahani nzito ya aluminiamu, mkono wa sindano mwembamba kama mguu wa korongo. Kila kitu unafanya kwa mkono. Kwa fundi, hiyo ndiyo raha yenyewe.

Ilifika kwa basi ikiwa na transfoma ya kushusha umeme, kwa sababu Japani wanatumia volti 100 na sisi 230. Nikaichomeka, nikaweka santuri ya Morogoro Jazz mbele ya mzee. Akasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama.

"Huyu si Mbaraka," akasema. "Huyu ana mafua."

Nilibisha. Nikasema ni spika, ni santuri kuchakaa, ni kumbukumbu. Yeye akatulia tu. Mwishowe nikabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, nikatazama saa na kuhesabu mizunguko. Ilipaswa kuwa 33 na kidogo kwa dakika. Ilikuwa haifiki 28. Hapo nikakumbuka nilichopaswa kukijua tangu mwanzo: transfoma inashusha volti, haigusi hezi, yaani mara ngapi umeme unageuka huku na huku kwa sekunde. Huko Japani upande wa mashariki umeme ni hezi 50, magharibi ni 60, na mota ya aina ile inazunguka kwa kufuata hezi. Mashine ilitoka kwenye 60, huku kwetu ni 50, basi inapungua sehemu moja katika sita. Sauti ya mwimbaji inashuka karibu toni moja na nusu. Mzee aliyezoea kusikiliza injini kwa sikio hakuhitaji karatasi yangu.

Nilikwenda Nyakato kwa fundi wa kukereza vyuma, akanitengenezea puli, kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, nene zaidi kwa hesabu ile ile ya sita kwa tano. Kasi ikakaa sawasawa. Nakiri nilijivuna. Nilizunguka mtaani nikiwasimulia mafundi wenzangu habari ya puli, na kwa kujivunia puli sikujiuliza tena kitu kingine chochote. Tatizo gumu la umeme limeisha, nikahesabu kazi imeisha.

Nilikaa, sikugusa

Sasa turudi jioni ile ya kitambaa cha kufuma. Nilitaka kuanza kupima waya, kama kawaida yangu, halafu nikajizuia. Nikasema, "Mzee, naomba uniwekee wimbo. Mimi nitakaa hapa kwenye kochi, sitasogea."

Kwanza aliondoa redio na dawa. Akakunja kitambaa. Akajaribu kufungua kifuniko, kikagonga rafu ya televisheni iliyo juu, maana mimi niliiweka mashine pale panapopendeza na sikufungua kifuniko mpaka mwisho. Ikabidi aivute mashine mbele, nusu nje ya kabati. Akainama nyuma kuwasha transfoma. Akawasha sabufa, akatafuta rimoti, akabonyeza mpaka ikaandika AUX. Akainama tena kuwasha kile kiboksi cha fono.

Kiboksi hiki nitakieleza kidogo, maana watu wengi wanakisahau wanaponunua. Katriji ya sumaku inatoa umeme mdogo mno, milivolti tatu mpaka tano, na santuri yenyewe hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa, ili mifereji isipanuke kupita kiasi. Kiboksi kinakuza na kurudisha vile vilivyopunguzwa. Ukichomeka mashine moja kwa moja kwenye AUX ya sabufa utasikia sauti nyembamba ya mbu. Ni lazima kiwepo mahali fulani. Kosa langu ni kukiweka nyuma ya kabati, kikiwa na adapta yake na swichi yake.

Akaweka santuri ndogo. Ilikuwa ya tundu pana, inataka kile kidude cha duara cha katikati. Kidude hakipo. Mjukuu alikigeuza tairi la gari la waya. Akarudisha, akatafuta yenye tundu dogo. Akabadilisha kasi kwenda 45. Akawasha mota. Akafungua kishikio cha mkono wa sindano, akavua kifuniko cha sindano.

Hapa ndipo nilipoelewa. Mkono wake wa kulia unatetemeka, siyo sana, kiasi cha chai kucheza kwenye kikombe. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili bado. Mtu anayeona vizuri kwa jicho moja hapimi umbali kama wewe na mimi; hajui sindano iko milimita mbili juu ya santuri au kumi. Jua lilikuwa linazama upande wa ziwa, mwanga unaingia chini dirishani na kugonga santuri nyeusi, yote inang'aa. Aliupeleka mkono wa sindano taratibu, akausimamisha juu ya kile alichodhani ni ukingo, akashusha kile kiwiko kidogo cha kushushia.

Kiwiko kile kazi yake ni kuuteremsha mkono polepole, kama unyoya. Ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni yanayoupunguzia mwendo. Mashine ya miaka 50, mafuta yamekauka. Mkono ukaanguka pu! ndani ya wimbo, ukateleza, sabufa ikapiga kishindo cha kutosha kumwamsha jirani.

Mzee hakusema kitu. Aliuinua, akaurudisha kwenye kishikio, akazima mota, akakaa.

"Kijana wangu," akasema baadaye, "mimi nimewasha injini za meli usiku wa dhoruba. Hii inataka mkono wa fundi saa."

Nilihesabu. Mpaka wimbo kuanza, vitendo 13, na vinne vya kuinama au kunyanyua kitu. Wimbo ukiisha, vitatu vingine. Kwa santuri kubwa yenye dakika 20 kila upande labda ungevumilia. Lakini santuri zake nyingi ni zile ndogo, dakika tatu au nne, na kwa muziki wetu wa wakati ule wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Sehemu ya kwanza maneno, ya pili magitaa yamefunguliwa watu wacheze. Yaani kwa wimbo mmoja unapita kwenye mlolongo ule mara mbili, na ukichelewa kugeuza, hamu imeshapoa.

Na nikauliza nilichokuwa sijauliza: je, aliwahi kuiweka kabisa? Mara tatu. Mara ya tatu alisinzia kwenye kochi. Mashine ya mkono haijui kama santuri imeisha. Sindano ilibaki inazunguka kwenye mfereji wa mwisho tangu baada ya chakula cha mchana mpaka binti aliporudi kazini. Saa nne hivi. Kwa kasi ya 33 hiyo ni mizunguko 8,000 ya kusaga sindano kwa faida ya nani sijui. Tangu siku hiyo aliogopa kuiacha peke yake, na kwa kuwa ana tabia ya kusinzia, akaona bora asiiwashe.

Mabishano ya familia

Kijana wake wa kiume, anayefanya kazi Geita, alisema kwenye simu: "Mwekeeni flashi, nyimbo zote zipo." Sikatai. Mzee ana flashi tayari, anaitumia asubuhi. Lakini santuri kwake ni kulitoa jalada, kusoma majina, kukumbuka alishuka na nani Kisumu siku ile. Ukimpa flashi umempa wimbo, hujampa hiyo shughuli. Hapo binti na mimi tulikuwa upande mmoja.

Tulipotofautiana ni hapa: binti alitaka tuirekebishe ile ile. Fundi ndani yangu alitaka hivyo hivyo. Mafuta ya silikoni yanabadilishwa, kidude cha katikati kinatafutwa, kabati linasogezwa. Lakini nilijua baada ya yote hayo bado tungekuwa tumebakiwa na vitendo 11, na kimojawapo ni kulenga ukingo wa santuri kwa jicho moja. Hicho hakuna mafuta yanayokiondoa. Nikasema tuiuze.

Na kama unaniuliza kuhusu mashine ya begi niliyoidharau: naamini mzee angeitumia zaidi kuliko ile yangu ya aluminiamu. Santuri zingechakaa haraka, sauti isingemfikia vizuri, lakini angeitumia. Jambo hilo liliniuma kidogo nilipolifikiri.

Ya pili

Tulitafuta mashine ya otomatiki kamili. Unabonyeza kuanza, mkono unajiinua wenyewe, unakwenda ukingoni, unashuka. Santuri ikiisha unajirudisha na mota inazima. Inayojulikana zaidi katika kundi hili kwa sasa ni AT-LP60X ya Audio-Technica; tuliyoipata sisi ni ya kampuni nyingine, mtindo ule ule. Fono imo ndani, na swichi nyuma ya kuichagua. Inatumia adapta ndogo ya volti 12, umeme wa moja kwa moja, kwa hiyo habari ya hezi na puli haipo. Sindano yake ni ya ncha ya duara, siyo ile ya ncha ya yai inayopendwa na wanaosikiliza kwa darubini. Ncha ya duara haichomoi kila kitu kilichomo kwenye mfereji, ila inasamehe vumbi na mikwaruzo, na ikiisha unachomoa kipande cha plastiki na kuchomeka kingine bila bisibisi. Uzito wa sindano umefungwa kiwandani, hakuna uzani wa nyuma ya mkono wa kuzungusha. Mtaalamu ataona hilo ni upungufu. Kwenye nyumba yenye mjukuu aliyegeuza kidude kuwa tairi, mimi niliona ni baraka.

Je, sauti imeshuka? Imeshuka. Sahani nyepesi, besi haina kifua kama ile ya kwanza. Niliziweka mbili pamoja kibandani siku nzima kabla ya kuipeleka, na nilisikia tofauti kila nilipobadilisha. Mzee hakuwahi kuuliza.

Safari hii niliipeleka Isamilo nikiwa na saa mbili za kukaa, siyo za kufunga. Mashine ilihamia kwenye meza yake, mbali na rafu, kifuniko kinafunguka chote. Sabufa ikashuka sakafuni upande mwingine. Zamani vilikaa kabati moja, na besi ilikuwa inaitikisa sindano, sindano inairudisha kwenye sabufa, ngurumo inapanda kama lori linalokuja. Nikaweka taa ya kubana ukingoni mwa meza, imulike kwa pembeni. Wazo hilo nililiiba kwa Technics: toleo la pili la SL-1200, la 1979, lina kitaa chake cha kumulika sindano. Madijei nao huweka santuri gizani.

Hata hivyo jaribio la kwanza lilishindikana. Mashine ina vitufe viwili vya kuchagua: kasi, na ukubwa wa santuri, sentimita 17 au 30. Mzee aliweka santuri ndogo, kitufe kikiwa kwenye 30. Mkono ukashuka kwa madaha kabisa, kwenye ukingo wa santuri kubwa ambayo haikuwepo, sindano ikatua kwenye sahani tupu. Maandishi ya vitufe ni meusi juu ya meusi, madogo kama chawa. Binti akaleta rangi ya kucha nyekundu, akatia tone kwenye 45 na tone kwenye 17. Tone likikauka linakuwa kinundu, na kidole kinakipata hata macho yakikataa. Santuri tukazigawa katika makasha mawili, la ndogo likatiwa rangi ile ile. Kutoka kasha jekundu, bonyeza vinundu vyekundu. Kidude kipya cha tundu pana kimefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza.

Mzee akatazama yote, akaomba kadi ya manila na kalamu nene. Akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, kwa mpangilio, namna walivyokuwa wakiandika kwenye chumba cha injini: SABUFA. AUX. KIFUNIKO. SANTURI. VINUNDU. ANZA. Akaibandika ukutani. Sita. Nilikuwa nimeshahesabu, lakini nilimwachia ahesabu.

Baada ya wiki sita nilipita. Juu ya mashine hapakuwa na kitu, na kasha jekundu lilikuwa limevurugika. Binti anasema kila jioni baada ya taarifa ya habari. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, hata hii haiwezi kujiokoa, kwa sababu kinachorudisha mkono ni mota na mota imekufa. Sindano hubaki imelala pale pale. Hapo anatumia kiwiko cha kuinulia, ambacho ni kipya na kinateremsha taratibu.

Zile sita za baba yake bado hazijaimba. Ni za kasi ya 78, mifereji yake ni mipana mara tatu au nne ya hii ya kawaida, inataka sindano yake yenyewe, na mashine hii haina 78. Ni za kizazi cha Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi kwa Kiswahili. Nimemwambia asimruhusu mtu yeyote aziweke kwa sindano ya kawaida. Ile mashine ya mkanda niliyoiuza nayo ilikuwa na 33 na 45 tu, kwa hiyo hata hilo haliwezi kuwa kisingizio changu cha kuijutia.

Ana lalamiko moja. Wimbo ukikatika sehemu ya kwanza, mashine inajirudisha kwa heshima zote, mkono unapanda, unakwenda kulala, mota inazima, ndipo yeye ageuze na kubonyeza upya. Anasema mpaka hapo wachezaji wameshakaa chini. Ameshagundua kwamba akiinua kwa kiwiko kabla santuri haijafika mwisho na kugeuza sahani ikiwa bado inazunguka, anaokoa muda. Nimemkataza. Ameniuliza ni nani kati yetu aliyefanya kazi na vitu vinavyozunguka kwa miaka 31. Bado tunabishana.